Mtani Aliyekaa Kwenye Sanduku

Siku ile haijanitoka, mwanangu Mwanaidi. Manyunyu yalikuwa yanashuka Kinole nzima, mdalasini ulioanikwa umerudishwa ndani, na sisi tumejazana darasani pale shule ya msingi, wanaume wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nilikuwa kijana, nimemaliza shule, shati nimechomekea. Nilitaka kitu kimoja tu: kusimamia kituo cha kura kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji.

Ngoja kwanza nikueleze kwa nini watu walikuwa wamenuna. Uchaguzi uliotangulia, wilaya ilileta wasimamizi wake kutoka mjini. Mvua ikaharibu barabara, gari likakwama huko chini, wakafika hapa mchana umeshakwisha, viatu mkononi. Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa ameshuka na fimbo yake tangu alfajiri kutoka kitongoji cha juu. Alisubiri mpaka miguu ikavimba, akarudi bila kupiga kura. Njia nzima hakusema neno. Mama, ambaye alikuwa haishiwi maneno! Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Basi pale darasani afisa aliyetumwa na wilaya akasema posho za wasimamizi zinatoka wilayani, masanduku yanatoka wilayani, kwa hiyo wasimamizi nao watateuliwa huko huko. Watu wakaguna. Mjomba wangu, kaka yake mama, akasimama. "Kijiji chetu, kura zetu, msimamizi naye awe wetu." Akanishika bega. "Huyu hapa mpwa wangu, kasoma."

Weee! Darasa zima likalipuka. Maana mgombea alikuwa ni mjomba mwenyewe, na kwetu huku ukoo unafuata mama, mpwa ni wa mjomba wake, hilo halihitaji kuelezwa. Ukoo wa mgombea mwenzake wakasema waziwazi: huyo kijana akikaa kwenye sanduku, sisi hatushuki, tutabaki na migomba yetu. Wengine wakajibu kwamba wakija tena wale wa mjini, hakuna atakayewasubiri. Nikamtazama mama. Alikuwa dirishani, kajitanda khanga, na sura yake ilikuwa ile ile ya njiani.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Masanja. Wewe hukumkuta, maskini. Mnyamwezi yule, aliletwa mkoa huu na kazi ya kukata miwa kule Turiani, akaoa hapa Kinole, akazeeka hapa. Watu wote walimjua na hakuwa na ukoo hata mmoja hapa. Sisi na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo kila msiba wetu aliusimamia yeye: anagawa kazi, anapanga wachimbaji, mfiwa akijitia ukubwa anamtukana mbele ya watu, na hakuna wa kukasirika.

Akapiga dawati kofi. "Nyie Waluguru hamna haya! Mkifa mnanikabidhi maiti zenu. Leo vikaratasi tu mnaogopana?"

Watu wakaangua kicheko. Akamgeukia afisa. "Na wewe, bwana mkubwa. Msibani sanda ananunua mfiwa. Lakini hajatokea mfiwa akaniambia kwamba kwa kuwa sanda kanunua yeye, basi achague nani achimbe na nani abebe. Wilaya ilete sanda yake, tutashukuru. Kazi tuachieni watani."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Ndivyo walivyoelewana: kijiji kipendekeze watu wanaoishi hapa hapa lakini hawana ndugu anayegombea, wilaya iwathibitishe na iwalipe. Masanja akawa wa kwanza kutajwa. Mjomba akakaa. Nafasi yangu ikaniponyoka hivi hivi naiona, na nilinuna siku kadhaa, nisikudanganye.

Siku ya kura kituo kilifunguliwa umande haujakauka. Mama alikuwa mbele ya foleni. Masanja akamzuia mlangoni. "Wewe bibi, umekuja kupiga kura au kuomba tumbaku?" Mama akacheka, akamsukuma na fimbo, akapita. Kicheko kile, mwanangu, ningetoa chochote nikisikie tena.

Mjomba alishindwa. Masanja ndiye aliyetangaza, akamwambia hadharani, "Umeanguka, mzee, nenda kapalilie pilipili manga zako." Angelisema mtu mwingine, hapa pasingekalika. Mjomba alitikisa kichwa, akacheka, akaenda kumpa mkono mwenzake. Na mama alimpigia nani, kaka yake au yule mwingine? Aliondoka duniani bila kuniambia.

Masanja naye tulimzika sisi, watani wake. Ilikuwa zamu yangu kushuka kaburini nikamtanie, niseme sitoki mpaka nilipwe. Nilishuka. Utani haukuja hata mmoja, nikalia tu mle ndani mpaka wakanivuta mkono.

Sasa uchaguzi umekaribia tena, na nawasikia vijana mnavyogombana kwenye simu zenu. Huyu anasema wilaya inalipa, wilaya iteue. Yule anasema kijiji kinajijua. Wote mna hoja, sikatai. Ila simsikii hata mmoja wenu akiuliza nani hapa anaweza kututukana sote tukacheka. Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mzee, namkumbuka kweli kweli.

Umeniomba mimi mjomba wako niende kwa mtendaji wa kijiji nikuombee usimamizi wa kituo chetu. Sitakwenda. Kaka yako anagombea hapa. Najua wewe ni mwaminifu, nimekulea mwenyewe, lakini uaminifu wako naujua mimi, wale wa ukoo wa mpinzani wake watauona wapi? Omba kata nyingine, ambako hakuna atakayekuita shangazi. Hela ya wilaya ipokee, ni haki yako, ila usimwachie anayekulipa akuchagulie upande. Na hapa kwetu watafuteni watu wasio na lao, muwakabidhi sanduku kama tulivyokuwa tukimkabidhi Masanja wafu wetu.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia, akupe moyo mweupe na mdomo wenye utani. Na siku utakayosimama kwenye mlango wa kituo cha watu wengine, akitokea bibi mmoja na fimbo yake amechoka na mlima, umfanye acheke kabla hajapita.