Kavindu, Malkia wa Midundo

Kwao Mitaboni, Kavindu alisifiwa kwa mengi, ila si kwa muziki. Alipiga makofi wenzake wakiwa wameshamaliza. Harusini akina mama walimweka katikati ya mstari ili makosa yake yafunikwe, na hata hapo mstari uliyumba. Hakuona haya. Mungu alimpa mikono ya kushona, akashukuru.

Cherehani yake ilikuwa kwenye veranda mjini Machakos, na kazi yake ilikuwa sare za shule. Mlango wa pili ulikuwa wa Nuradin, muuza simu, aliyeweka pia runinga na michezo ya video. Mwaka jana Nuradin akaleta kitu kipya: kibao cha plastiki chenye sahani ya kuzunguka kama ya di-jei, na vitufe vitatu vya rangi. Kwenye runinga vidoto, yaani nukta za rangi, huteremka kufuata wimbo. Ukibonyeza kitufe kwa wakati wake na kukwaruza sahani inapotakiwa, unapata alama.

Shida ilitoka ghorofani. Huko kulikuwa na kanisa la ibada za mchana, na spika zake zilitetemesha vioo vya Nuradin Jumatatu hadi Jumatatu. Siku ya tatu ya mchezo, mzee wa kanisa akateremka kulalamika kwamba kelele za dukani zinawavuruga waumini. Nuradin hakupenda ugomvi, akazima sauti. Mchezo wa muziki ukawa unachezwa kimya. Vijana waliozoea kutikisa vichwa wakapotea, wakauacha.

Kavindu aliujaribu siku ya mvua, wateja walipokosekana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungusha gurudumu la cherehani miaka thelathini: mbele, nyuma kidogo, simama. Vidoto vilipoteremka, alivishika vyote.

"Mama Mwongeli, umewahi kucheza hii?" Nuradin akamuuliza, akimwita kwa jina la bintiye.

"Mimi? Nafuata tu hiyo mstari. Ni kama kushona kola."

Mwezi ulipoisha, hakuna aliyemfikia. Nuradin, aliyeona fahari kuliko mwenyewe, akamwandikisha kwenye mashindano ya ukumbi mmoja mjini. Kavindu akaenda na rinda lake la kanisani. Spika zilipofunguliwa, akaruka.

"Asi! Hii kelele inatoka wapi?"

"Ndiyo wimbo wenyewe, Mama. Huu unaucheza kila siku."

"Wauzime."

"Haiwezekani. Watu wamekuja kusikia muziki."

Raundi ya kwanza alijaribu kufuata ngoma, mkono ukapotea kabisa. Alisalimika kwa sababu mpinzani wake alikuwa akijipiga picha. Kabla ya raundi ya pili akatoa kipande cha kitambaa mkobani, akakipasua, akaziba masikio yote mawili. Fainali akakutana na Muthoka, di-jei wa harusi, di-jei wa kweli. Muthoka alicheza kwa raha, macho ameyafumba, vidoto vikampita. Kavindu hakukosa hata kimoja. Akapewa kombe lililoandikwa "Malkia wa Midundo", na mtangazaji akauambia umati kwamba muziki uko kwenye damu ya mama huyu. Kavindu hakusikia neno. Akaitikia kwa kichwa.

Picha zilifika Mitaboni kabla yake. Jumapili, Makau, mwalimu wa kwaya aliyekuwa amemkataa mara mbili, akamngoja mlangoni pa kanisa.

"Mama Mwongeli, tulikuwa tumelala. Kuja utushikie kayamba."

"Mwalimu, si unanijua? Mimi sina mdundo."

"Huo unyenyekevu ndio tunataka kwa kwaya."

Akasema ukweli mara tatu, wakazidi kumsifu. Basi akaishika kayamba. Wimbo ulipoanza akawa mbele, kisha nyuma, kisha peke yake. Jasho la aibu likamtoka. Makau akakunja uso, akakumbuka kombe, akawageukia waimbaji.

"Mnamwacha mama! Mfuateni!"

Wakamfuata. Ilichukua wiki sita za mazoezi, na waliojua kuimba ndio walioteseka zaidi. Aibu ya Kavindu ikapungua, na mahali pake, lazima tuseme, pakaingia utamu fulani.

Mwezi uliopita kwaya moja ya Kathiani ilituma watu wawili kujifunza mtindo huo mpya. Wakamuuliza Kavindu siri yake. Akawaambia hajui chochote, yeye hubahatisha tu.

Wakaliandika hilo daftarini, wakalipigia mstari.