Siku Trekta Liliponyanyua Pua

Harufu ya dizeli ikichanganyika na tope bichi hunirudisha nyuma hatua mbili mpaka leo. Wenzangu wakiinusa hukumbuka mavuno. Mimi naogopa, na nitawaambia kwa nini, ila msinicheke.

Kwetu ni upande wa Misungwi, kwenye mbuga za mpunga zinazoshuka kuelekea ziwani. Udongo wake ni mweusi, na mvua ikishanyesha unavua watu viatu. Baba alikuwa amechoka kulima kwa ng'ombe, akaenda Igogo, mjini, kutafuta trekta lililotumika. Alikuta mawili. Moja lilivuta kwa tairi za nyuma tu; rangi yake ilikuwa bado inang'aa, bei imepoa, na vipuri vyake vilipatikana kila duka. La pili, ambalo watu waliliita fowili, lilivuta kwa tairi zote nne, lakini lilikuwa ghali na limechubuka kila mahali. Baba alirudi amelipenda lile la kung'aa. Aliliongelea hadi ugali ukapoa.

Mama alimsikiliza, kisha akauliza kama linaingia kwenye majaruba ya mpunga au linaishia barabarani.

"Mama Kabula, trekta ni trekta," baba alisema, akimwita kwa jina langu.

"Ng'ombe tu tunamfunga plau kwanza ndipo tunanunua. Hilo ambalo bei yake inamaliza zizi zima tulichukue kwa macho?"

Basi dalali aliyekuwa akiliuza akalazimika kulileta shambani lijaribiwe. Alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vyeupe, akabaki juu ya tuta nilipokuwa nimesimama na mama. Baba, aliyewahi kuendesha matrekta ujanani, alipanda mwenyewe, akashusha plau, akaingia jarubani. Mwanzoni lilikwenda vizuri, hata nikapiga makofi. Lilipofika katikati, tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bila kusogea, zikajichimbia chini, na tope likaturukia hadi usoni.

"Lifungie gogo, mzee!" dalali alipaza sauti. "Hapo linatoka lenyewe!"

Baba akashuka, akafunga gogo kwa mnyororo kwenye zile tairi za nyuma, akarudi kitini na kukanyaga mafuta. Gogo likanasa. Tairi ziliposhindwa kuzunguka, trekta lenyewe ndilo likageuka: pua ikaanza kunyanyuka. Niliona tairi za mbele zikiwa hewani, kisha tumbo la trekta, na baba akilala chali kuelekea kwenye tope huku chuma chote kile kikimfuata. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Kilichotoka ni mkojo.

"Klachi, Baba Kabula! Kanyaga klachi!" mama alipiga yowe.

Baba akaikanyaga, nguvu ikakatika. Pua ikasita, halafu ikarudi chini kwa kishindo kilichotikisa tuta.

Baba alizima injini, akacheka. Hakushuka. Aliomba maji. Akauliza kama mbuzi wamefungwa. Akamwuliza dalali habari za mjini, kana kwamba wamekutana njiani. Mama alikunja khanga, akapita kwenye tope mpaka magotini, akapanda na kukaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi, bega lake likigusa bega la baba. Hakusema neno. Mimi nilibaki kwenye tuta na gauni langu lililolowa, nimenuna kwelikweli. Nilidhani wanakifurahia chombo kile, nami wamenisahau.

Walinunua fowili. Kila aliyeuliza, baba alimjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba mpunga unataka tairi nne.

Miaka mingi baadaye, nikiwa stendi ya Nyegezi, mwanangu aliniponyoka mkono akakimbilia mbele ya basi. Dereva alifunga breki. Mtoto hakuguswa hata unywele. Nilimkumbatia, nikajikuta nimekaa chini palepale, nikicheka. Nikamwuliza muuza machungwa bei, ingawa sikutaka machungwa. Nikauliza saa. Mume wangu alikuwa amesimama na mizigo, akisema, "Inuka basi, mama, gari linaondoka." Niliitafuta miguu yangu, sikuiona.

Ndipo nilipojua kwa nini baba hakushuka, na mama alifuata nini kule juu. Nami nilitamani mno mtu aje akae kando yangu, asiseme kitu.