Bonge Hakulinda Mizigo

Tangu utotoni anaitwa Bonge, na jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ni fundi cherehani. Kutwa nzima hupima viuno vya watu, na watu nao, bila kuombwa, humpima yeye kwa macho. "Punguza kula, dada." "Ukitembea utakonda." Amezoea, ila kuzoea si kupenda.

Basi rafiki yake wa tangu shule, ambaye ni nesi, alipojiunga na kikundi cha wapanda mlima, Bonge naye akajiandikisha. Suruali za dukani zilikomea mapajani, akajishonea yake. Kila Jumapili walifanya mazoezi pamoja, wakicheka njia nzima, nesi akimshika mkono penye mwinuko na kumbebea begi.

Siku yenyewe, walipofika kwenye kibanda cha katikati ya mlima, kiongozi wa safari akatangaza bila hata kumtazama, "Huyu mama atabaki hapa kulinda mizigo. Tulishaelewana na mwenzake."

Bonge akamgeukia nesi. "Mwenzangu gani? Wewe?"

"Nilikuonea huruma, jamani. Sikutaka uaibike mbele za watu."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Maneno ya wateja hayakuwahi kumuuma namna ile.

"Huruma yako kaa nayo," akasema. "Mimi nilikuja na rafiki, sikuja na yaya. Na hiyo mizigo haina miguu, haiendi popote." Akachukua begi na fimbo yake, akaanza kupanda.

Alikwenda mwendo wa kobe. Wenzake wengine wote walimpita. Magoti yalilalamika, naye akayatukana, akayatukana na mawe, akasonga. Nesi alimfuata nyuma, na safari hii hakumshika mkono wala kumwomba ambebee begi.

"Nimekukosea," alisema hatimaye.

"Tena sana. Haya, tembea, unanichelewesha."

Nesi akacheka huku machozi yakimlengalenga. Bonge hakucheka, lakini alimpa chupa yake ya maji.

Walipofika kileleni, wenzao walikuwa wameshapiga picha hadi wakachoka. Kiongozi akampa mkono. "Hongera, mama! Sasa ukipunguza kilo kidogo, mwakani utawahi."

Bonge akaketi juu ya jiwe, akavua viatu taratibu, akanyoosha vidole vya miguu.

"Kilo zangu zote nimepanda nazo, baba," akasema. "Hakuna hata moja niliyoiacha kibandani."