Mfuko wa Masele

Hapa Dutwa, zamani mtoto wa kiume akikojoa damu hakuna aliyehangaika. Wachungaji waliogelea malamboni pamoja na ng'ombe, wakatoka na kichocho, na yule ambaye mkojo wake haujawahi kuwa mwekundu alichekwa kwamba bado hajakua. Mume wangu Masele alikulia katika ujinga huo. Kwa hiyo damu ilipomrudia akiwa tayari ana wajukuu, alicheka. "Mama Josia, ujana umerudi," akaniambia. Akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya kichocho, akameza, akarudi kwenye majaruba yake ya mpunga. Damu ikakatika, ikarudi. Akameza tena. Nilisema nikachoka, maana kumwambia Masele jambo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Siku mabonge ya damu yalipomziba, akashindwa kutoa hata tone na tumbo likawa gumu kama ngoma, ndipo alipokubali kupakiwa kwenye pikipiki mpaka Bariadi mjini. Wakamwekea mpira wa mkojo, wakatuandikia twende Mwanza.

Daktari aliyetupokea huko alikuwa binti mdogo, anaitwa Nancy. Aliingiza kamera kupitia njia ya mkojo, akakwangua uvimbe, akaupeleka maabara. Majibu yalipotoka akatukalisha chini. Ni saratani, alisema, na kichocho kilichokaa miaka mingi bila tiba huweza kuileta. Imeshaingia kwenye nyama ya kibofu, kwa hiyo kukwangua hakutoshi, kibofu kitolewe chote. Kuna wanaoshonewa kibofu kipya kwa utumbo wao wenyewe, lakini figo za baba zimedhoofu, hazitakimudu. Yeye atakatiwa kipande kifupi cha utumbo, mkojo upite humo, utokee kwenye tundu tumboni, uingie kwenye mfuko uliobandikwa hapo.

"Mpaka lini?" Masele akauliza.

"Maisha yako yote, baba. Ila ukichelewa, ugonjwa utatoka nje ya kibofu, na hapo kisu hakitakusaidia."

Akaomba turudi kwanza akaongee na ndugu.

Ndugu walikuwa kisingizio tu. Mdogo wake Paschal alimsihi aende hata kesho. Kilichomshinda ni kikundi. Masele anaongoza kikundi cha kulima kwa ngoma: wanaume wanavua mashati, wanajipanga, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na yeye yuko mbele. "Nikivua shati waone nini?" aliniuliza. "Mwanaume anayebeba mkojo wake tumboni ndiye awaongoze?" Akasema tungoje pamba ivunwe. Ikavunwa. Akasema tungoje iuzwe.

Hivi mnajua kuchoka? Naamka nafua mashuka yenye damu, nachota maji, nafua mengine, nampikia mtu asiyekula, halafu majirani wakiuliza nawajibu hajambo, kwa sababu amenikataza kusema. Nilimpenda na nilimkasirikia, yote kwa pamoja, na kuna siku nilitamani nirudi tu kwetu Kasoli nikalale.

Nesi mmoja wa kule Mwanza, Specioza, alikuwa amenipa mfuko wa mfano ili tuuzoee nyumbani. Siku ya gulio niliujaza maji ya uvuguvugu, nikaubandika tumboni, nikafunga kitenge juu yake, nikatoka. Nikainama kuchagua dagaa, nikabeba ndoo kichwani, nikasalimiana "mwadila" na nusu ya Dutwa. Wanaume wa kikundi walikuwa wanakunywa chai kibandani. Nikasimama nao, tukapiga soga mpaka wakamaliza. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Niliporudi nikala ugali na mume wangu, kisha nikafungua kitenge.

Akasogea karibu. "Umekuwa nao tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na wale jamaa?"

"Wameuliza hali yako. Mficha uchi hazai, baba Josia. Mimi nimechoka kukuficha. Au unataka nikufiche mpaka kaburini?"

Akaugusa kwa kidole. Akauliza kama unavuja mtu akiinama kwenye jembe. Nikachukua jembe, nikalima mbele yake pale uani, mpaka kuku wakakimbia na yeye akacheka. "Basi," akasema. "Twende."

Wanakikundi aliwaita mwenyewe, akawaambia yote. Nyanda, mpiga ngoma wao, akamjibu, "Sisi tunafuata jembe lako. Hilo tumbo ni la mkeo." Wakacheka, na Masele akawashinda wote kwa kucheka. Siku hiyo niliona tumeshinda.

Mwanza walimpima upya. Nancy alisema picha hazionyeshi kila kitu, tutajua wakishafungua. Specioza akaja na kalamu kuchora tumboni mahali pa tundu, na Masele akabishana naye kabisa: lisogee kidogo, mkanda wa suruali usiliguse, na mpini wa jembe upate nafasi. Wakakubaliana. Wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Niliambiwa ni kazi ya saa nyingi. Nilikuwa sijamaliza hata andazi nilipomwona Nancy anatoka, nikasimama nalo mkononi.

"Mama, tumemfungua," akasema. "Ugonjwa umeshatoka nje ya kibofu, umeshika mpaka kwenye nyonga. Hatukuweza kuondoa. Tumemfunga. Tutatafuta dawa za kumpunguzia maumivu." Alikuwa na machozi yule binti. Mimi sikuwa nayo.

Wodini nilikaa kando ya kitanda. Kabla hajafumbua macho, mkono wa Masele uliingia chini ya shuka, ukapapasa tumbo, ukafika pale palipochorwa, ukazunguka, ukarudi tena palepale.

"Mama Josia," akasema, "mfuko wangu uko wapi?"

Nikaushika ule mkono, usiendelee kutafuta.