Kiti cha Mchimba Vikombe

Siku ya kwanza nilipoingia katika karakana ya vikombe pale Katuba, nilipewa kipande cha msasa na kuonyeshwa mlango. Sikuwa nimefukuzwa. Mahali pa mpiga msasa palikuwa mlangoni, ili vumbi litoke nje na lisiwaingie wachimbaji machoni. Nilikaa juu ya kigogo, mgongo juani, uso kivulini, nikaanza kusugua kikombe kilichochongwa na mtu mwingine. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa mwekundu hadi nyusi, maana vumbi la mti wa mulombwa ni jekundu kama tofali la kuchoma. Mama aliponiona alijishika kichwa.

"Nani amekupiga?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani inarudisha mutoto vile?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo ni bibi, na vijana wa Lubumbashi wanaponiuliza kazi yangu ilikuwa nini, nikisema nilichimba vikombe wanadhani nilichimba madini. Nacheka. Mji huu unajua aina moja tu ya kuchimba. Basi ngoja niwaeleze ile nyingine.

Mulombwa ni mti wa misitu yetu. Ukiukata mbichi unatoa utomvu mwekundu, na asiyeuzoea huruka nyuma akidhani amejikata mguu. Tunauchonga ungali mbichi, kwa sababu mkavu huumiza kisu na mkono pia. Mtu wa kwanza hupasua gogo kwa shoka na kabari. Wa pili hulipa umbo la nje kwa tezo. Wa tatu, mchimbaji, hutoa tumbo la kikombe kwa kisu kilichopinda ncha, akikivuta kuelekea kifuani mwake, kidogo kidogo, hadi ukuta wa kikombe uwe mwembamba kama ganda la boga. Kisha kikombe huzikwa ndani ya maranda yenye unyevu ili kikauke polepole, bila hasira. Mwisho kabisa, mlangoni, ndipo alipokaa mpiga msasa.

Mkubwa wetu tulimwita Shefu, bila jina jingine. Alikuwa mfupi, amevaa koti la buluu la kazi, na kalamu ya risasi haikutoka sikioni mwake hata alipokula. Ni yeye aliyehukumu vikombe. Asubuhi alivijaza maji na kuvipanga juu ya sinia la majivu makavu. Saa ya kula alikiinua kila kimoja na kutazama chini. Majivu yakiwa bado ya kijivu na mepesi, kikombe kimepita. Yakiwa na doa jekundu lenye unyevu, Shefu alisema neno moja: "Imelia." Na kopo iliyolia, ndivyo tunavyoita kikombe huku kwetu, ilipasuliwa palepale na kuwekwa chini ya sufuria, kwenye mafiga nyuma ya karakana. Bukari yetu ya mchana, yaani ugali, ilipikwa kwa makosa yetu.

"Bukari ya leo iko muzuri sana," alikuwa akisema Papa Kalenga huku akichovya tonge lake katika sombe ya majani ya muhogo. "Nani alilia?"

Papa Kalenga alikuwa mchimbaji bora kuliko wote, na mdomo wake ulikuwa na makali kama kisu chake. Hakuna aliyemkasirikia. Mwenye kikombe alicheka na wenzake, akala kosa lake, mchana akaanza kingine.

Nilipiga msasa miaka mingi kuliko nilivyotaka. Kidole gumba changu kiliingia ndani ya vikombe vya watu wote, kikajua nani alivuta kisu kwa pupa na nani alikivuta kwa utulivu. Niliweza kufumba macho na kusema, hiki cha Kalenga, hiki si chake. Lakini kila nilichokigusa kilikuwa kimeanza kwa mtu mwingine. Hilo liliniuma. Nilitaka kitu kianze kwangu.

Kisha mzee mmoja wa benchi la wachimbaji akarudi kwao Kamina, na kiti chake kikabaki kitupu chini ya bati la kupitisha mwanga. Nilikitazama kiti kile asubuhi yote. Watu walipokaa kula, nikasimama.

"Shefu, minaomba ile kiti."

"Ya kuweka nini?"

"Ya kukaa. Minataka kuchimba."

Waliacha kutafuna.

"Numbi," Shefu akasema bila ukali, "mukono ya mwanamuke inajua kulainisha. Kuchimba inaomba nguvu."

"Na muhogo tunayotwanga kila siku, inaomba nini?"

Papa Kalenga alicheka hadi maji yakampalia. Shefu alimngoja amalize kukohoa. Akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Bon. Mupwa wangu atakuja kisha mvua. Mpaka pale kiti iko bule. Kopo yako moja ikipita ku majivu, ni yako. Ikilia, tutakula."

Mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Nilidhani nina muda wote duniani.

Nilipewa mbao zangu kutoka kwenye rundo la nyuma, vipande vilivyobaki wakubwa wakishachagua. Nilichimba baada ya saa za kazi, wakati wengine wananawa. Kisu kilinikata kiganja, kikanikata paja, nami nikajifunza kushona kipande cha ngozi mbele ya kitenge changu. Kikombe cha kwanza kililia. Cha pili kililia. Kilichofuata nilikichimba vizuri mno hata Papa Kalenga alikigeuza mkononi bila kufanya mzaha, na usiku sikulala kwa furaha. Saa ya kula Shefu alikiinua. Doa lilikuwa dogo kama mbegu ya nyanya, jekundu, katikati kabisa.

"Imelia."

Wakanipa jina: Maman Bukari. Hata wauza makala, yaani makaa ya kupikia, wa barabarani walilijua. "Maman Bukari, leo mutakula?" Nilijibu kila mara, "Tutakula, na weye karibu." Lakini nikifika nyumbani nilikaa nyuma ya nyumba mpaka uso wangu ukubali kuingia ndani. Mvua zilikuwa zikipungua. Ngurumo zilikuwa zimehamia mbali, upande wa Kipushi.

Siku moja niliamua kutokichoma kikombe kilicholia kabla sijakisoma. Nilimwomba Shefu, akanipa. Nilikaa nacho mlangoni, mahali pangu pa msasa, nikakisugua chini mpaka mistari ya mti ikatoka wazi. Palikuwa na duara ndogo sana, ndani ya duara nyingine, ndani ya nyingine, kama jicho linalonitazama. Kutoka katika jicho hilo ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umekimbilia ukutani. Nikachukua kikombe cha Papa Kalenga nilichokuwa nakipiga msasa siku hiyo. Mistari yake ilipita chini kama mawimbi, imetoka upande mmoja inaenda upande mwingine. Hakikuwa na jicho. Nikachukua kingine, na kingine. Hakuna.

Nikaenda kwenye rundo la nyuma. Kila kipande kilikuwa tawi, na kila tawi lilikuwa na jicho katikati. Ule ndio moyo wa mti. Mti unapokauka hujikaza kuuzunguka moyo wake, na moyo haukubali kukazwa, hupasuka. Wale wakubwa walichonga vipande vya shina lililopasuliwa mara nne, moyo umetolewa na kutupwa. Mimi nilikuwa nimepewa mioyo mitupu. Ningechimba hadi mikono iishe, vikombe vyangu vingelia tu.

Nilikwenda kwa Papa Kalenga kwanza.

"Papa, ulijua?"

Aliendelea kuvuta kisu chake. "Kila mutu hapa anajua."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Miye nani aliniambia?" Akanitazama, na mara hiyo hakukuwa na mzaha usoni. "Niliona yenyewe, kama weye. Lakini weye umeona mbiyo kunipita. Ile usimwambie mutu."

Kisha nikasimama mbele ya Shefu.

"Shefu, hizi mbao ziko na moyo."

"Ndiyo."

"Kopo haiwezi kupita."

"Mti ya muzuri iko mbali na iko bei. Minapatia mutu anayejua kazi."

"Na mutu atajua kazi namna gani kama hamumupatie mti?"

Nadhani hadi leo kwamba swali lile hakuwa amelisikia kabla, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti. Lakini hakunipa kipande cha shina. Alisema tu, "Mvua inaisha, Numbi," akarudi kwenye kazi yake.

Basi nikaenda kuutafuta mti mwenyewe. Yaya Monga, kaka yangu mkubwa, alichoma makala porini upande wa barabara ya Kasenga na kuyaleta mjini kwa baiskeli. Nilimfuata. Tulitembea asubuhi nzima kati ya visiki.

"Chukua hii," alisema kila baada ya hatua chache. "Mti ni mti."

"Haina vile, yaya. Hii imejipinda, angalia gome."

"Weye umekuja kuoa mti?"

"Njo vile. Minatafuta asiyekuwa na kichwa nguvu kama weye."

Nilipita miti mingi. Nilitafuta gome linalopanda wima bila kuzunguka, na shina nene kiasi kwamba mikono yangu isikutane. Niliupata mulombwa wangu karibu na tanuri la Yaya Monga mwenyewe, umelala tayari, unangoja kuwa makala. Tuliupasua kwa kabari. Ulifunguka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, utomvu ukatiririka, na harufu yake ikatujaa puani. Niliutoa moyo wote nikamwachia kaka yangu tanurini. Vipande vyema nilivifunga kwa majani mabichi juu ya baiskeli, na tukasukuma hadi Katuba, yeye akilalamika njia nzima kwamba hajawahi kubeba mti kwa heshima namna hii.

Kabla sijagusa kisu nilikumbuka jambo ambalo Shefu alikuwa akiwaambia wengine nikiwa mlangoni: nyuzi za mti zikisimama, maji yatashuka, nyuzi zikilala, maji yatalala. Nikakilaza kipande changu. Kuta mbili ambamo nyuzi zinaishia niliziacha nene kidogo kuliko nyingine. Sikuharakisha. Kidole gumba changu, kilichokuwa kimezunguka ndani ya vikombe vya watu wengi, kiliniambia nisimame wapi. Nikakizika ndani ya maranda, nikanyunyiza maji, nikangoja, nikaendelea kupiga msasa vikombe vya wengine kana kwamba sina neno.

Asubuhi ya majivu, mpwa wa Shefu alikuwa tayari amefika. Alikaa pembeni na kifurushi chake, kijana mpole, akiuliza kila mtu maji ya kunywa yako wapi. Shefu alijaza kikombe changu na kukiweka sinia moja na vikombe vya wakubwa.

Sitawaeleza saa zile. Aliyengoja anazijua.

Saa ya kula Shefu alikiinua. Akainama. Akaweka kidole juu ya majivu, akakitazama kidole, akapuliza. Majivu yaliruka yote, mepesi, yakamfunika koti.

Ndipo Papa Kalenga akageuka kutazama mafiga, sufuria juu, chini hakuna kuni.

"Ile shida," akasema. "Leo tutapika na nini?"

Tulicheka hadi Shefu mwenyewe akakaa chini. Kisha akamwaga maji, akachota munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, katika ndoo, akanywa kwa kikombe changu hadi mwisho, akajifuta mdomo.

"Mupwa wangu," akamwambia yule kijana, "msasa iko ku mlango."

Nilikaa kwenye kiti kile hadi karakana ilipofungwa Shefu alipozeeka. Baadaye nilifundisha katika shule ya ufundi ya masista, chini ya Sista Direktrisi, mkuu wa shule, aliyependa kila kitu kinyooke, hata vikombe. Tulibishana kwa adabu kwa miaka, kwa sababu kikombe cha mkono hakinyooki, kinakaa tu. Kutoka hapo niliitwa kuongoza karakana ndogo upande wa Karavia, ambako watu huja kupumzika Jumapili na kununua. Direkta wa pale, mtu mwema, alitaka tupake vanishi ili ving'ae.

"Maman Shefu, weye iko kichwa nguvu," aliniambia siku nilipokataa kwa mara nyingine.

"Direkta, bila ile kichwa haungenipata hapa."

Alivipaka vichache mwenyewe, akaviuza. Vyangu viliuzwa pia, kwa nta ya nyuki peke yake. Kila mtu na mteja wake.

Nimestaafu sasa. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba na hakishuki, na vidole haviwezi kuufumbata mpini wa kisu. Nilikuwa nimejiandaa kulia siku ya mwisho, lakini nilishughulika mno: nilikuwa nikichomoa vipande vyote vyenye moyo kutoka katika rundo la karakana ile na kuvitupa nje kwa mguu, mbele ya wasichana watatu ninaowaacha benchini. Hawakuuliza kwa nini. Wanajua, kwa sababu niliwaambia siku yao ya kwanza, kabla hawajapewa kisu. Sikuona sababu ya wao kungoja kuona wenyewe. Kuna ugumu unaomfundisha mtu kazi, na kuna ugumu unaomla miaka yake bure, na nilichukua muda mrefu kuzitenganisha aina hizo mbili.

Miti imekwenda mbali. Barabara ya Kasenga siku hizi ni visiki na vichaka hadi mbali sana, na kuupata mulombwa mnene uliokwisha kuanguka inabidi kupanda lori na kulala njiani. Wasichana wangu walikuja juzi na lori kuniaga kabla ya safari. Walinikuta nimekaa kizingitini, kitambaa kichwani, viatu vya porini miguuni, mfuko wangu umefungwa.

"Ee, Maman Shefu, unaenda wapi? Dokta alikukataza!"

"Alinikataza kuchimba," nikawaambia. "Kuchagua hakunikataza. Nipeni mukono, nipande."