Karte ya Kimya

Bibi yangu Laurentine alikuwa anasema chini-chini. Miaka makumi tatu na nane ya ndoa, mi paka kuuliza: "Unasema nini?" Masikio yangu ilibakia ku mungoti, kule banachimbaka shaba, kwenye nilichunga vantilatere kubwa yenye inatuma upepo chini ya udongo kwa batumikaji. Alikufa mwaka jana, mu mwezi wa tano.

Sauti yake ilibakia mu video moja tu. Dakika mbili. Anachambua maharagi pa baraza, Dorine, binti yetu, anamukamata picha na telefone. Pa mwisho Laurentine anainua macho na anasema kintu. Dorine hakusikia, alikuwa anacheka. Kiisha ile telefone bakaiiba ku soko. Video ikabakia paka mu ordinatere, kompyuta yenye Dorine aliweka chini ya televizyo, ya kuangalia film.

Siku ya Samedi familia mbili, yake na yangu, balipashwa kukuya kutosha matanga, kumaliza kilio. Nilitaka bote bamusikie. Mi wa kwanza.

Lakini ile ordinatere inalia. Unawasha, dakika tatu, inaanza kunguruma kama masini ya kusaga unga. Unaongeza sauti ya televizyo: unasikia maharagi, unasikia kuku ya jirani. Bibi yangu, hapana.

"Ni karte grafike, papa," Dorine alisema. "Kile kipande chenye kinatuma picha pa televizyo. Vantilatere yake ilichoka. Tununue ingine."

Lundi, siku tano mbele ya Samedi, nilienda mu muji, kwa Constantin. Anauzishaka bipande bya ordinatere, bya mupya na bya kale. Nikamuambia bibi yangu alikufa, nataka kusikia video yake: nataka karte yenye hailie, na bei isiniue.

"Papa, masini yenye hailie, ile njo ilikufa." Akaweka mbele yangu boksi yenye picha ya simba. "Kamata hii. Iko na vantilatere mbili. Bavijana banapiganiaka yo, juu ya michezo."

"Mi sichezi."

"Utacheza, papa. Bajane banachezaka."

Bantu ya kununua balicheka. Mi nilichoka na jua, nikalipa, nikaenda. Boksi sikufungula.

Ku nyumba Dorine akaingiza ile karte. Ilibakia kimya paka dakika ine. Kiisha ikaanza kulia kwa midomo mbili. Dorine akaniangalia.

"Papa, uliisikiliza kwanza?"

Nilienda kulala.

Kesho yake, Mardi, kuran ya umeme ilikatika muchana yote. Mercredi nikarudia kwa Constantin na simba yake. Akasema bintu yenye ilitoka mu boksi hairudi. Nikakaa pa kiti yake. Bantu ya kununua balikuya, balinikuta pale, baliuliza: "Papa huyu anangoja nini?" Nikabajibia yote, mwanzo mpaka mwisho. Wa tatu alipoenda bila kununua, Constantin akasema:

"Papa, unaniharibishia kazi."

"Weye uliharibisha yangu mbele."

Nyuma yake, mu karton ya bintu ya kutupa, niliona karte moja ndogo. Haikuwa na vantilatere. Paka mabati membamba, yamesimama kama meno ya kisanulio ya nywele.

"Na hii?"

"Ile? Ya ku biro, kazi ya ofisi. Haina nguvu."

"Inatuma picha?"

"Inatuma."

"Na film?"

"Film yote. Michezo njo haiweze."

"Tundu ya kamba ya televizyo iko?"

"Iko. Lakini papa, utapata haya. Hata haina boksi."

Safari hii nilisema aichomeke mbele yangu, mu ordinatere ya pa meza yake. Nikaweka sikio karibu. Kimya. Bei yake haikufika hata nusu ya ile ya simba. Alikamata simba yake, akanirudishia baki moja-moja, kama muntu anayeng'oa meno yake mwenyewe.

Jeudi mangaribi Dorine akaifunga. Victorine, mudogo wa Laurentine, alikuwa amefika kutoka Kasomeno juu ya matanga, amekaa pa fotey. Tukawasha. Kimya. Mi nilisikia saa ya ukuta, nilikuwa nimesahau kama inapiga. Video ikaanza. Maharagi pa lungo. Laurentine anainua macho.

Televizyo ikawa nyeusi.

Tukawasha tena. Safari ya pili video haikufika hata pale anainua macho.

"Ulinunua kintu ya kufa, shemeji," Victorine alisema.

Nilitaka kurudia kwa Constantin na nyundo. Lakini kwanza niliingiza mukono nyuma ya ordinatere. Moto. Moto kabisa. Nikafikiri mungoti. Kule, moto ikipanda, hauuliziake vantilatere kwanza. Unatafuta ni nini inafunga njia ya upepo.

Njo nikaona. Mwaka muzima mi naangalia televizyo, sikukionaka: kitambaa ya krosheti. Nyeupe, Laurentine alikifuma na mikono yake. Aliweka ile pa kila kintu mu nyumba, pa televizyo, pa fotey, pa radio. Pa ordinatere kiliteremuka huku na huku mpaka chini, kilifunga matundu yote. Na siku ya mazishi Victorine alisema, mbele ya bantu yote: kintu yenye yaya wake mukubwa aliweka na mikono yake, isitoke pale mpaka matanga itoke. Tuliheshimu. Hata Dorine, kila safari ya kufungula ile masini, alikirudisha vile kilikuwa.

Nikakikamata.

"Shemeji," Victorine alisema. "Inabakia siku mbili tu."

"Najua."

"Bantu batasema nini?"

"Bantu batakuya kumusikia. Na hii njo inamufunga kinywa."

Dorine alikuwa anaangalia chini. Mi mwenyewe mukono ulikataa kidogo. Kile kitambaa nilikiona kinafanywa, jioni kwa jioni, mi nalalamika taa inakula kuran.

Nikakiinua. Nikakiweka pa magoti ya Victorine, juu asiseme nilikitupa.

Tukangoja ordinatere ipoe. Kiisha Dorine akawasha.

Maharagi. Kuku ya jirani. Laurentine anatosha jiwe pa lungo, anaiangalia, anainua macho. Na nikamusikia, chini-chini vile alikuwa anasemaka:

"Ona mawe. Baba yenu yeye ananunuaka bintu bila kufungula mufuko."

Victorine alianza kucheka, kisha akajifuta uso na kitambaa ya yaya wake. Aliona kintu alifanya, akakiangalia, akaendelea kujifuta.

"Hata ile boksi ya simba aliijua," Dorine alisema.

Nililomba airudilie. Ilienda mpaka mwisho, tena na tena, na ile karte haikusema kintu. Kelele yote yenye ilibakia ilikuwa ya mawe, akiitupa moja-moja mu sahani.