Kasiva Ndani ya Roboti

Kasiva Kyalo alikuwa dobi katika hoteli moja ya Malindi, mama wa mtaa wa Muyeye, mrefu, mwenye mikono mipana na maneno machache. Zamani alikuwa kipa wa timu ya akina mama wa mtaa. Aliacha baada ya fainali iliyochezwa Kilifi, pale mpira mwepesi ulipomponyoka mikononi ukaingia wavuni. Wenzake walilia, yeye hakulia. Kesho yake alifika kazini, akakunja mashuka kama kawaida, na tangu siku hiyo hakugusa mpira tena.

Ndipo walipokuja watu wa filamu. Hadithi yao ilikuwa hivi: roboti anachukuliwa na familia moja ya Dabaso, anafundishwa kudaka katika timu ya binti yao, na kidogo kidogo anajifunza kuogopa, kuhuzunika na kufurahi kama binadamu. Alitakiwa mtu wa kuvaa vazi la roboti na kuruka kweli langoni. Wanaume wawili walijaribu, wakaanguka kama magunia. Kache, mshambuliaji wa timu ile ile ya akina mama wa Muyeye, alikuwa amepewa nafasi ya kuigiza kama mpinzani. Akawaambia, "Kuna mama mmoja mtaani kwetu. Mkimpata huyo, kazi imekwisha."

Kasiva alikubali kwa sababu bintiye, Idah, alimganda. Isitoshe, ndani ya ile kofia hakuna ambaye angemwona uso.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, maana roboti hakuwa na hisia bado. Shida ilianza siku ya kuigiza kufungwa bao.

"Dada Kasiva," akasema Fridah, mwongozaji wa filamu, sauti imemkauka kwa kurudia, "mpira umeingia, nawe umesimama kama mlingoti. Roboti ameumia. Nionyeshe."

"Nitaonyeshaje, na uso wangu hauonekani?"

"Kwani wewe ukiumia hufanyaje?"

Kasiva akarudi langoni. Wakaanza upya. Mpira ukampita, ukagonga wavu, na mlio ule ukamrudisha Kilifi. Akauokota, akaukumbatia. Akaketi mchangani, na mabega yale ya plastiki yakaanza kutikisika. Fridah akainua mkono, mtu asithubutu kukatiza. Kache akaenda akapiga magoti kando yake.

"Lia, Mama Idah," akamnong'oneza. "Siku ile tulikungoja ulie nasi."

Onyesho la mwisho lilikuwa la penalti. Kache aliagizwa apige taratibu, kuliani kwa kipa. Akatenga mpira, kisha akamsogelea Kasiva.

"Mimi sikupigii mpira wa huruma. Udake, la sivyo nafunga."

"Piga."

Kache akaachia kombora, kushoto, juu. Kasiva akaruka na vazi lake zito, akanyoosha mkono, ncha za vidole zikaupangua mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli. Akina mama wa Muyeye, walioitwa waje kukaa tu kama watazamaji, wakavamia uwanja kwa vigelegele. Kasiva akakimbia kuwalaki, akatupa kofia, vipande vya kifuani vikidondoka njiani, huku akipiga kelele kwa Kikamba, lugha ya kwao, maneno ambayo hakuna aliyemwandikia.

Msaidizi akauliza kama warudie.

"Warudie nini?" Fridah akafoka, anacheka na machozi yanamtoka. "Tumeshapata filamu!"

Ilionyeshwa mara ya kwanza Muyeye, katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamefunikwa kwa leso, watu wengine wamesimama. Roboti alipofungwa, Idah alilia.

"Mama, pale uliumia kweli?"

"Niliumia kweli, mwanangu."

"Na pale mwisho?"

Kabla hajajibu, mpira ulipanguliwa kwenye ukuta mweupe uliotumiwa kama skrini, na ukumbi mzima ukasimama ukiita jina lake. Kasiva akapanda juu ya benchi, akainua mikono yote miwili, akacheka kwa sauti kubwa, na uso wake kila mtu akauona.